Nani Anaisikiliza Volkano ya Goma?

Sismometa, mashine ya kupima mitetemo ya ardhi, huwekwa ndani ya shimo fupi lililojengewa saruji juu ya mwamba wa lava ya zamani, mbali na nyayo za watu na mbuzi. Kutoka hapo waya huingia kwenye sanduku lenye kufuli. Ndani ya sanduku mna betri, kidhibiti cha umeme wa jua, kompyuta ndogo ya kugeuza mtikisiko kuwa namba, na redio. Nje kuna paneli ya sola, antena ya GPS inayoenea kiganjani, na antena kubwa zaidi ya kupeleka namba hizo upande wa mji. Hivyo ndivyo kilivyo, kwa kawaida, kituo kinachoichunga volkano kama Nyiragongo, mlima wa mita 3,470 ulioinama juu ya mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, kutoka upande wa kaskazini.

Kazi ya kuichunga ni ya OVG, Kituo cha Uangalizi wa Volkano cha Goma, kilichoanzishwa mwaka 1986. Miaka ya 2010, pamoja na washirika wa Luxembourg na jumba la makumbusho la Afrika ya Kati lililoko Tervuren, Ubelgiji, kilisimika mtandao wa KivuSNet: zaidi ya vituo kumi vya mitetemo vilivyotawanywa kuzunguka volkano na ziwa Kivu, vikituma takwimu papo hapo. Mtaalamu angeweza kukaa Goma, au hata Ulaya, akaona mlima unavyotikisika wakati huohuo unapotikisika.

Ila redio haichagui wa kumsemea. Namba zinazotoka kwenye antena hazifiki kwa mtaalamu peke yake. Zinapita juu ya mashamba ya maharage, juu ya kambi za wakimbizi wa ndani, juu ya vilima vyenye watu wenye silaha, na yeyote mwenye antena na chombo kinachofaa anaweza kuzinasa bila kugusa waya wala kufungua kufuli. Aliyenasa haachi alama. Hilo ndilo linalotofautisha kusikiliza kwa siri na wizi mwingine wote: mwenye mali hajui kwamba ameibiwa, kwa kuwa mali yake bado anayo.

Watu wa Goma hawahitaji kufundishwa jambo hilo. Katika vita vya Kivu, motorola, kama inavyoitwa hapa redio ya mkononi ya kampuni yoyote ile, imekuwa silaha tangu miaka ya 1990, na kila upande hujitahidi kusikia masafa ya mwenzake. Makamanda hubadili masafa, hubadili majina, huchanganya lugha. Kilichobadilika ni bei. Mnamo 2012 wataalamu wa kompyuta waligundua kwamba kidude cha kutazamia televisheni kupitia kompyuta, cha dola ishirini hivi, kinaweza kugeuzwa kwa programu ya bure kuwa kipokezi cha mawimbi ya aina nyingi sana. Kazi iliyokuwa ya majeshi na mashirika ya ujasusi ikashuka hadi kwa mwanafunzi mwenye laptopu.

Viwandani mabadiliko hayo yalikuta vihisi visivyotumia waya vimeshaenea. Kiwango kiitwacho WirelessHART kilitoka mwaka 2007, kwa ajili ya viwanda vya mafuta, kemikali, maji na umeme. Badala ya kuvuta waya wa mamia ya mita hadi kwenye kila bomba, fundi hufunga kihisi chenye betri, nacho kinapima joto au mgandamizo na kutuma kwa redio, kihisi kimoja kikimpokeza kingine hadi kwenye chumba cha udhibiti. Wanasayansi wa volkano nao walikuwa wamejaribu njia hiyohiyo: mwaka 2005, kundi lililomhusisha Matt Welsh wa Chuo Kikuu cha Harvard lilipanga vihisi 16 kwenye mlima Reventador, Ecuador, vikazungumza kwa redio kwa siku 19.

Swali ambalo mtu wa Goma atauliza mara moja ni hili: mlima una siri gani? Mitetemo ya Nyiragongo si hesabu ya benki. Kwa nini mtu ajisumbue kuificha?

Ni swali la haki, na jibu lake si kwamba lazima ifichwe. Takwimu za volkano inayoweza kuua wakazi wa mji mzima zinastahili kuwa wazi kwa wakazi hao. Mwaka 2002, lava ilipita katikati ya Goma ikaacha zaidi ya watu laki moja bila makazi. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulifunguka tena jioni, na safari hii hata mashine hazikuwa na mengi ya kusema mapema. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba dalili za kawaida hazikutokea, na kilichosikika kilisikika muda usiofika saa moja kabla ya lava kutoka. Watu wakakimbia kwa kuona mwanga mwekundu angani. Siku tano baadaye gavana wa kijeshi, Jenerali Constant Ndima, akaamuru watu wa kartie 10 kati ya 18 za mji waondoke, na watu wapatao 400,000 wakashika njia ya Sake, ya Rutshuru, ya ziwani hadi Bukavu, na ya mpaka wa Rwanda. Akina mama wenye watoto mgongoni, magodoro juu ya chukudu, vile vigari vya mbao vya kusukuma, wazee wakisukumwa.

Kumbukumbu hiyo ndiyo inayofanya suala la usikilizaji liwe zito. Anayenasa mazungumzo ya vihisi kwa wiki kadhaa hajifunzi kusoma tu. Anajifunza kusema. Anajua ujumbe unaanzaje, una urefu gani, unatumwa kila baada ya sekunde ngapi, na kama hakuna kizuizi, siku moja anaweza kutuma wa kwake, na chumba cha udhibiti kikaupokea kama uliotoka mlimani. Kwa volkano, basi, kinachohitajika hasa si pazia bali muhuri: kila kifurushi cha namba kiwe na saini ya kidijitali inayothibitisha kwamba kimetoka kituo fulani, saa fulani, na hakijaguswa njiani. Namba zisomwe na wote, zitungwe na mmoja.

Yaliyotokea Dallas, Texas, yanaonyesha bei ya kukosa muhuri. Usiku wa tarehe 7 Aprili 2017, ving'ora vyote 156 vya tahadhari ya vimbunga vililia kwa pamoja hali mbingu ni shwari. Vikazimwa, vikalia tena, hadi saa saba na ushee usiku. Simu zaidi ya 4,000 zikamiminika kwenye kituo cha dharura. Maofisa wa jiji walisema ving'ora havikuamshwa kwa kompyuta bali kwa redio: kuna mtu aliyetuma hewani amri ambayo ving'ora viliitii. Jiji likaongeza usimbaji fiche baada ya fedheha. Dallas ilipoteza usingizi. Goma ina mbao za rangi za tahadhari, kijani hadi nyekundu, na mji unaojua kukimbia. King'ora cha uongo hapa, usiku, kwenye barabara ya Sake, kingeua watu bila tone la lava.

Kuna mfano mwingine, wa zamani zaidi, ambao wahandisi wa maji na umeme huusimulia kila mahali. Mwanzoni mwa mwaka 2000, katika wilaya ya Maroochy, Queensland, Australia, pampu za majitaka zilianza kujiendea zenyewe. Ilikuwa kazi ya mtu mmoja aliyewahi kufanya kazi katika kampuni iliyofunga mitambo hiyo ya redio, na ambaye baadaye aliomba ajira kwenye halmashauri akakataliwa. Akiwa ndani ya gari lake, na kompyuta na redio ya aina ileile, alituma amri mara 46. Lita zipatazo 800,000 za kinyesi zikamwagika mitoni na kwenye bustani. Alifungwa miaka miwili.

Jambo la kukumbuka katika kisa hicho ni kwamba hakuvunja chochote. Mfumo ulimwamini yeyote aliyeongea lugha yake.

Hapo ndipo suala linapohama kutoka mlimani hadi kwenye umeme. Sehemu kubwa ya umeme wa Goma hutoka mto Rutshuru, kwenye mtambo wa Matebe wenye nguvu ya zaidi ya megawati 13, uliozinduliwa Desemba 2015 na kuendeshwa na Virunga Energies. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Karongi nchini Rwanda, mradi wa KivuWatt hunyonya methani kutoka kwenye kina cha maji na kuzalisha megawati 26. Ziwa Kivu lina takriban kilomita za ujazo 60 za methani, na kaboni dayoksaidi mara kadhaa ya hiyo. Mitambo ya namna hii duniani kote hutegemea vihisi: mgandamizo wa bomba, kina cha maji, mzunguko wa tabo, joto la transfoma. Yeyote atakayesimika vihisi vya redio katika sekta hii hana anasa ya volkano ya kusema namba ziwe wazi. Kiwango cha maji bwawani, saa ambazo mzigo wa umeme hupanda, muda ambao kituo fulani huachwa bila fundi: hayo yote ni ramani kwa anayetaka kudhuru, na katika eneo lililoona nyaya za umeme zikikatwa na mapigano tena na tena, ikiwemo Januari 2025 Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 na mji ukakaa siku kadhaa bila umeme wala maji, ramani ya namna hiyo ina wanunuzi.

Wanyama nao wamo. Hifadhi ya Virunga, iliyotimiza miaka 100 mwezi Aprili 2025, huvalisha tembo kola zenye GPS, kama zinavyofanya hifadhi nyingi za Afrika Mashariki. Akagera, kule Rwanda, tangu mwaka 2017 hutumia mtandao wa redio wa LoRaWAN, wenye vihisi vidogo vya betri vinavyosikika kilomita nyingi. Kola ya tembo ni kihisi kama kingine chochote, isipokuwa hiki siri yake ina meno ya ndovu. Mwaka 2013, nchini India, kuna mtu aliyejaribu kuingia kwenye barua pepe iliyopokea taarifa za kola ya chui milia mmoja wa hifadhi ya Panna. Hakufaulu, na hata angefaulu asingezisoma taarifa kwa sababu zilikuwa zimesimbwa. Kule Banff, Kanada, walioingia mchezoni hawakuwa majangili bali wapiga picha: walitumia vipokezi vya redio kuwafuata wanyama wenye kola, hadi hifadhi ikalazimika kuvipiga marufuku.

Dawa ipo, na ya kwanza ni ya bei nafuu kuliko wengi wanavyodhani. WirelessHART na LoRaWAN zote zina usimbaji wa AES wenye ufunguo wa biti 128, ambao hakuna kompyuta ya leo inayoweza kuuvunja kwa kubahatisha. WirelessHART tena hurukaruka kati ya masafa 15, kila ujumbe kwenye masafa yake. Msikilizaji aliyetegesha sikio mahali pamoja hupata vipande tu. Kwenye karatasi, basi, vita vimekwisha.

Mafundi wanajua kwamba sivyo. Ufunguo wa hesabu hauvunjwi, unaachwa mlangoni. Vifaa vingi hutoka kiwandani na ufunguo wa kuanzia ulioandikwa kwenye kijitabu cha maelezo, na aliyevifunga, akiwa na haraka ya kushuka kabla ya mvua, huuacha ulivyo. Mtandao wa Zigbee, jamaa wa karibu wa WirelessHART, umekuwa na ufunguo mmoja wa kuanzia unaojulikana dunia nzima, na wataalamu wa usalama wamelilalamikia hilo kwa miaka. Hata redio za polisi hazikusalimika: Julai 2023 watafiti wa Uholanzi walionyesha kwamba mojawapo ya mifumo ya usimbaji ya redio za TETRA, zinazotumiwa na vikosi vya usalama na viwanda katika nchi nyingi, ilikuwa imepunguzwa nguvu tangu kuundwa kwake, ufunguo wa biti 80 ukabaki na nguvu ya biti 32. Laptopu ya kawaida iliufungua kwa dakika. (Makala haya hayatasema nani katika Kivu anatumia mfumo upi. Msomaji atasamehe.)

Kuna njia ya pili, ya kuvutia zaidi kwa wanahesabu, isiyotegemea ufunguo kabisa. Msingi wake uliwekwa mwaka 1975 na Mmarekani Aaron Wyner: ikiwa mpokeaji halali anasikia vizuri kuliko mdukuzi, inawezekana kutuma ujumbe kwa namna ambayo mdukuzi hapati kitu. Watafiti wa China Yulong Zou na Gongpu Wang waliitumia hoja hiyo kwenye vihisi vya viwandani. Kiwandani, wanasema, mashine na kuta za chuma huyavuruga mawimbi, na njia ya redio ya kila kihisi hubadilika kila mara. Basi, badala ya vihisi kusema kwa zamu, kila wakati kipewe nafasi kile ambacho njia yake kwenda kituoni ni nzuri kuliko njia yake kwenda kwa msikilizaji. Vihisi vikiwa vingi, nafasi ya mdukuzi kupata kitu hupungua sana.

Hesabu ni safi. Kwenye miteremko ya Nyiragongo ina kasoro mbili. Ya kwanza, inataka ujue, au angalau ukadirie, msikilizaji yuko wapi na anasikia vipi, na msikilizaji wa Kivu hajitambulishi. Ya pili, vihisi vya mlimani si vingi vilivyobanana kwenye ukumbi mmoja. Viko kilomita nyingi mbalimbali, na kila kimoja kinasema jambo ambalo mwenzake hawezi kulisema. Huwezi kukinyamazisha cha Nyamulagira, volkano jirani, kwa sababu cha Rusayo kinasikika vizuri zaidi. Kwa kiwanda cha gesi chenye vihisi mia kwenye jukwaa moja ziwani, hapo ndipo pa kuijaribu.

Na hata palipo na ufunguo mzuri, kitu kimoja hakifichiki: kwamba umesema. Aliyenasa mawimbi yaliyosimbwa hajui yaliyomo, ila anajua saa, urefu, na upande yanakotoka. Kituo kilichotulia, kisha ghafla kikatuma mara kumi kwa dakika, kimeshatoa habari. Bomba ambalo kihisi chake hutuma taarifa kila likifunguliwa linatangaza saa zake za kazi. Tiba inajulikana: tuma kwa mwendo uleule hata pasipo la kusema, jaza ujumbe mfupi maneno matupu uwe na urefu wa mrefu. Lakini kila neno tupu ni umeme, na umeme wa kituo cha mlimani ni paneli moja na betri moja, chini ya mawingu ya Virunga na majivu ya Nyamulagira yanayofunika kioo. Mhandisi wa Goma analazimika kuchagua kati ya kituo kinachoficha mengi na kinachofika asubuhi.

Kisha kuna GPS. Vituo vya mitetemo huitumia kama saa, kwa sababu ili kujua tetemeko limeanzia wapi ni lazima vituo vyote vikubaliane kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Vile vinavyopima kuvimba kwa mlima huitegemea zaidi, kwani kipimo chenyewe ndiyo GPS. Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya mwishoni mwa 2024 ilieleza jinsi mawimbi ya GPS yalivyovurugwa na kughushiwa katika Kivu Kaskazini, kuzunguka maeneo yaliyoshikwa na M23, hadi kuhatarisha ndege. Anayeghushi GPS ili kuipoteza ndege huenda hana habari kama kuna mlima unaopimwa. Kipimo kinaharibika vilevile.

Kwenye vitabu, Kongo haikulala. Sheria ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inaadhibu kunasa mawasiliano bila idhini. Lakini sheria inahitaji mtu wa kuitekeleza, na msikilizaji ambaye haachi alama ni mshtakiwa mgumu hata pale penye mahakama zinazofanya kazi. Umaskini wa taasisi unaonekana wazi zaidi. Kabla ya mlipuko wa 2021, ufadhili wa Benki ya Dunia ulipokwisha, OVG ilikaa miezi kadhaa, hadi Aprili mwaka huo, bila pesa za kulipia intaneti. Kuzungumzia saini za kidijitali kwa ofisi iliyokatiwa mtandao kunaweza kusikika kama mzaha, na kwa haki. Hata hivyo kubadilisha ufunguo wa kiwandani hakuna gharama ila saa ya fundi, na kama fundi ameshapanda mlima kubadilisha betri, saa hiyo ipo.

Betri, kwa kweli, ndiyo njia fupi kuliko zote ya kuingia kwenye mtandao. Kwa miaka mingi vifaa vya vituo vya OVG vimeibiwa na kuharibiwa, paneli na betri zikiwa za kwanza kuondoka, kwa kuwa katika eneo lisilo na umeme zina kazi katika kila nyumba. Mwizi anataka taa na chaji ya simu. Lakini sanduku likibebwa zima, redio iliyomo inabeba ufunguo kwenye kumbukumbu yake, na kama mfungaji aliweka ufunguo mmoja kwa vituo vyote ili kurahisisha kazi, aliyelinunua sokoni ana wa vituo vyote. Ndiyo maana mafundi wa mitandao hii husisitiza kila kituo kiwe na ufunguo wake, na orodha iwekwe na mtu anayejulikana, mahali panapojulikana. Katika mji uliobadilisha watawala Januari 2025, ambako maofisa wengine walibaki, wengine wakavuka mpaka na wengine wakaelekea Kinshasa, kila ofisi yenye antena juu ya paa ina la kujibu: orodha hiyo iko kwa nani leo, na kituo kikipotea usiku huu, nani ana idhini ya kuufuta ufunguo wake kabla ya asubuhi.